Moyo Ulitiwa Betri, Tumbo Ndilo Lililonikesha

Usiku wa nne tangu nirudi nyumbani hapa Iftin, mjini Garissa, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda saa nane za usiku nikilisikiliza tumbo langu. Moyo ulikuwa ukipiga vizuri, sawasawa kama saa ya ukutani. Kidonda cha kifuani kiliuma kidogo tu. Lakini tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, choo nilikuwa sijakiona tangu Nairobi, na kila nikipiga mbweu kiungulia kilipanda mpaka kooni. Mke wangu akaniuliza kama amgongee jirani mwenye gari. Nikamwambia tungoje kukuche. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mtu mzima, mwalimu mstaafu, niamshe mtaa mzima kwa ajili ya choo?

Haya hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Tangu hapo nimezungumza na wenzangu kadhaa waliotiwa betri ya moyo, wa Mombasa, wa Malindi na wa huku, na kila mmoja ana hadithi yake ya tumbo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza ni niliyoyapitia na niliyoelezwa na walionitibu, nikiwauliza mara mbili mbili mpaka nadhani walinichoka.

Kwanza hiyo betri yenyewe, maana wengi huisikia tu. Moyo una umeme wake. Umeme huo huanzia juu, chumba cha kulia, ukashuka kwa njia yake maalumu mpaka vyumba vya chini, ndipo moyo ukakaza na kusukuma damu. Kwangu mimi njia ile ilikatika. Vyumba vya juu vikawa vinapiga kivyao, vya chini vinajivuta, mapigo 34 kwa dakika, na ndiyo sababu nilianguka mara mbili, mara ya pili mbele ya watu barazani msikitini. Daktari wa hapa Garissa alipoitazama karatasi ya umeme wa moyo hakusema mengi, aliandika rufaa ya Nairobi. Huko wakanipasua chini ya mtulinga wa kushoto kwa ganzi na dawa ya kusinzia, wakapitisha waya mbili ndani ya mshipa mpaka moyoni, wakaziunga na kijisanduku chenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti hivi, wakakifukia chini ya ngozi. Kijisanduku hicho huusikiliza moyo. Ukichelewa kupiga, huutekenya kwa umeme mdogo. Madaktari hukiita pesimeka. Huku mtaani ni betri tu.

Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa kama hiki mwilini alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, mwezi Oktoba 1958. Kile cha kwanza kilimdumu saa chache tu kikaharibika, akawekewa kingine, na kingine tena, na akaishi mpaka mwaka 2001, akafa na umri wa miaka 86. Daktari aliyempasua na mhandisi aliyekiunda kifaa wote walitangulia. Zamani hizo vifaa vilikuwa vikubwa, hata vikawa vinafukiwa kwenye ukuta wa tumbo. Leo vimepanda kifuani, lakini tumbo, kama nitakavyoeleza, halijaachwa nje ya mambo haya.

Niliporuhusiwa kutoka nilipewa karatasi mbili. Zilieleza kidonda kisitiwe maji, mkono wa kushoto usiinuliwe juu ya bega kwa wiki kadhaa ili waya zisichomoke kabla hazijashika, simu isitiwe mfuko wa shati upande wa betri, sumaku ziepukwe. Yote ya maana. Juu ya tumbo, hata mstari mmoja. Siitaji hospitali, kwa kuwa nimeulizia na nyingine hali ni hiyo hiyo. Kila mtu anautazama moyo.

Sasa kwa nini tumbo liasi, na kisu hakikuligusa? Sababu yangu kubwa ilikuwa kwenye mfuko wa dawa. Dawa ya maumivu niliyopewa ilikuwa na kodeini. Dawa za ukoo huo, tramadoli ikiwemo, hutuliza maumivu kwa kuwapumbaza wapokea habari wa mwili, na wapokea habari hao hao wamejaa ukutani mwa matumbo. Dawa haibagui. Utumbo nao hupumbazika, ukaacha kusukuma, na chakula kikikaa pale muda mrefu hunyonywa maji yote kikabaki kama kokoto. Pili, kulala. Utumbo hupenda mtu atembee, na mimi kwa hofu ya kuzichomoa waya nililala chali kama maiti siku tatu. Tatu ni maji, na hapa kosa ni langu mwenyewe. Joto la Garissa mnalijua hata nyinyi wa pwani, na letu halina upepo wa bahari. Nikawa napunguza kunywa makusudi ili nisiende haja mara kwa mara, kwa sababu kwenda msalani kwa mkono mmoja kulikuwa adha kubwa.

Na hilo la msalani nitalisema wazi, wenye haya mnisamehe. Sisi tunatawadha kwa mkono wa kushoto, na betri kwa watu wengi huwekwa kushoto. Nani atakuandikia jambo hili kwenye karatasi? Nilikaa siku nzima nikijiuliza, nikaona bora nisiende kabisa. Baadaye muuguzi mmoja, mama wa makamo, alinieleza bila kupepesa macho: kinachokatazwa ni kiwiko kupanda juu ya bega, na kuvuta au kusukuma kitu kizito kwa mkono ule. Kuushusha mkono na kuupeleka nyuma polepole hakuna neno. Tena akanigombeza kwa kuufunga mkono kwenye kitambaa usiku na mchana, akisema watu hufanya hivyo mpaka bega likakauka, ikawa maradhi mapya. Hatari ya choo chetu cha kuchuchumaa iko kwingine, wakati wa kuinuka, mtu anapoushika mlango kwa mkono wa kushoto na kujivuta kwa uzito wake wote. Tulichofanya ni kununua kiti cha plastiki, fundi akakikata tundu katikati, tukakiweka juu ya shimo. Shilingi chache tu. Sijui kwa nini haikunijia akilini siku ya kwanza.

Kujikamua nako kuna mambo yake. Ukijikamua kwa nguvu huku umeziba pumzi, kifua hujaa shinikizo, damu inayorudi moyoni hupungua, presha hushuka ghafla. Tena uko mshipa mmoja mrefu wa fahamu unaotoka kichwani, ukapita moyoni, ukashuka mpaka matumboni, na kujikamua huuchokoza, nao huupunguzia moyo kasi. Wazee wangapi tumesikia walianguka chooni? Mwenye betri ana nafuu, kwa kuwa mapigo yakitaka kushuka chini ya kiwango kilichowekwa, betri huingia kazini. Ila presha betri haiishiki. Kizunguzungu bado chaweza kukupata, na kuangukia ule upande wenye kidonda kibichi ni balaa.

Kulipokucha usiku ule niliokwisha kuwasimulia, sikwenda kwa daktari. Nilifanya la kwetu. Shangazi yangu aliyeko Lamu alikuwa amenitumia mzigo kwa basi, na ndani yake mlikuwa na sanamaki. Nimelelewa na sanamaki na haluli. Utotoni mwangu kila likizo ilikuwa lazima tuoshwe tumbo. Nikachemsha kiganja kizima cha majani, nikanywa bilauri mbili. Sina haja ya kueleza jioni ile ilivyokuwa. Kufika alfajiri nilikuwa nimekwenda mara tisa, miguu inatetemeka, midomo imekauka, na kifuani nasikia mapigo ya ziada yakirukaruka.

Afisa wa kliniki aliyenipokea asubuhi hakunicheka. Alinitilia maji ya mshipa, akatoa damu ikapimwe, akanieleza jambo ambalo nataka kila mwenye maradhi ya moyo alijue. Tumbo likiendesha sana, mwili hupoteza madini yaitwayo potasiamu, na moyo huitegemea potasiamu ili umeme wake uende kwa utaratibu. Ikipungua, mapigo huanza kurukaruka ovyo. Betri haiwezi kukusaidia hapo: kazi yake ni kuukumbusha moyo uliosahau kupiga, si kuutuliza unaopiga ovyo. Anayekunywa vidonge vya kupunguza maji mwilini yuko hatarini zaidi, kwa sababu vingi vya hivyo navyo huitoa potasiamu. Sanamaki yenyewe si sumu, akasema, hata hospitali wana vidonge vyake. Ubaya ni kiganja kizima kwa mtu ambaye hajapona, asiyejua kipimo. Akaniandikia laktulosi, dawa tamu ya maji inayolainisha polepole kwa siku mbili tatu, akanibadilishia dawa ya maumivu ikawa parasetamoli, na kusema kweli parasetamoli ilitosha tangu mwanzo.

Kiungulia nacho kilipatikana mwenyewe. Katikati ya wiki ile kidonda kilipokuwa kikiwasha na kuuma, kijana mmoja wa nyumbani aliniletea diklofenaki kutoka duka la dawa, bila cheti, kama tunavyonunua peremende. Dawa hizo, na ibuprofeni ni ndugu yake, hukwangua ule utando unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Zaidi ya hapo hushika chumvi na maji mwilini na kuipandisha presha. Na ikiwa mtu anakunywa aspirini au dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, kama wengi wenye betri wanavyokunywa kwa sababu nyingine za moyo, basi tumbo laweza kuvuja damu kimya kimya. Nimewahi kumsikia mtu akisema "hizi ni ulsa zangu tu" kwa miezi. Choo kikiwa cheusi tii kama lami na kina harufu mbaya isiyo ya kawaida, hiyo ni damu iliyopitia tumboni. Vidonge vya kuongeza damu navyo hukifanya choo cheusi, kwa hiyo mwambie daktari unavyokunywa, lakini usikae nyumbani ukikisia.

Wengine shida yao huwa kinyume cha yangu. Waliopewa antibiotiki huharisha, kwa kuwa dawa ile haijui kijidudu kibaya na kile kizuri kinachosaidia kusaga chakula. Mara nyingi hutulia dawa ikiisha. Kukiwa na homa, damu, au kukienda siku kadhaa hakusiti, ni hospitali. Huku kwetu jawabu la kila kitu ni maziwa ya ngamia. Jirani yangu, bibi wa Kisomali tunayemwita ayeyo, alikuwa akiniletea kila jioni kopo lake, na kwa kweli mgeni wa maziwa hayo akiyanywa mabichi hupata choo upesi! Mimi si mgeni, yalinipita kama maji. Nilimwomba yachemshwe, akaniangalia kama niliyemtukana.

Chakula hakikuhitaji elimu kubwa. Papai asubuhi, tende chache, mchicha, mbaazi na kunde kidogo kidogo kwa sababu ya gesi, uji badala ya mahamri, na nyama ya kukaanga iliyokauka kwenye mafuta nikaiacha kando mpaka nipone. Kula mara nyingi sahani ndogo. Tumbo likishiba sana hukisukuma kifua juu, mtu akahisi moyo unabanwa, akashtuka bure. Chai ya maziwa nilipunguza ikawa vikombe viwili, nikanywa maji yaliyobaki. Lakini hapa nitie onyo: wako wenye betri ambao moyo wao pia ni dhaifu, miguu hujaa maji, na hao daktari huwapimia maji ya kunywa kwa siku. Asije mtu akanisoma mimi akajimwagia lita tatu. Aulize kwanza.

Miraa sitaizungukazunguka, maana ninaishi Garissa. Miraa hufunga choo, huondoa hamu ya kula, huchoma tumbo, hupandisha presha na kuuhimiza moyo mbio. Kwa mgonjwa anayejiuguza kutoka kwenye upasuaji wa moyo sijaona faida yake hata moja. Rafiki zangu wa jamvini walinitembelea siku ya tano na furushi, kwa nia njema kabisa, wakatafuna wao mimi nikawasimulia.

Mpaka hapo mambo yote yalikuwa ya tumbo la kawaida. Wiki ya tatu likaja lisilokuwa la tumbo, ingawa lilikaa tumboni.

Lilianza kwa kwikwi. Nikanywa maji, nikaziba pumzi, ikaondoka, ikarudi. Kesho yake nikahisi chini ya mbavu za kushoto kama samaki mdogo anajirusha, tuk, tuk, tuk, zaidi nikilalia ubavu wa kushoto. Ayeyo akasema ni mchango. Mke wangu akasema gesi. Mimi nikasema mbaazi. Mwingine akashauri nikandwe kwa mafuta ya moto, na mwingine akataka niumikwe kifuani, jambo ambalo nashukuru nililikataa, kwa sababu pembe na wembe juu ya betri changa ni kuualika uambukizo. Siku nne nzima tulilitibu tumbo. Nilitafuna tangawizi, nilikunywa maji ya ukwaju, nilikunywa dawa ya asidi. Samaki anaruka tu.

Aliyelitambua ni mpwa wangu, anayesomea uuguzi, alipokuja kunijulia hali. "Mjomba, hebu lala," akasema. Akaweka kiganja kimoja juu ya tumbo, vidole vya mkono wa pili kwenye mshipa wa kifundo changu. Akanyamaza kama dakika nzima. Kisha akaniambia nishike mwenyewe. Kila pigo la moyo, ruko moja la tumbo. Halikosi. Gesi haihesabu pamoja na moyo.

Maelezo yake ni haya. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, ule msuli mpana unaotusaidia kuvuta pumzi, na moyo umekalia juu yake. Ncha ya waya imeshika kwenye nyama ya moyo, na mahali pengine nyama hiyo ni nyembamba. Umeme wa betri ukiwa na nguvu kuliko inavyohitajika, huvuka ukakifikia kiwambo, au mshipa wa fahamu unaokiendesha, nacho kikaruka pamoja na moyo. Ndiyo kwikwi hiyo. Katika wiki za mwanzo madaktari huweka nguvu ya umeme juu kidogo kwa makusudi, kwa kuwa moyo uliochomwa na waya huvimba pale na kuhitaji zaidi, kisha baada ya miezi miwili mitatu huipunguza. Kwa hiyo mara nyingi jambo lenyewe ni dogo. Lakini laweza pia kuwa dalili kwamba waya umesogea, au kwa nadra sana umetoboa ukuta wa moyo, na hayo hayajulikani kwa kushikashika tumbo.

Nilipiga nambari iliyokuwa kwenye kadi yangu. Wakataka picha ya kifua ipigwe siku ile ile hapa Garissa. Mpwa wangu akaipiga picha kwa simu akaituma, wakajibu kuwa waya ziko mahali pake, nije Nairobi keshoye. Kilomita 370 hivi, kwa basi, mto kando ya mshipi wa kiti ili usinikabe kidonda. Kwenye kizuizi cha polisi hapo darajani Tana, askari alikuwa na kile kifimbo cha kupekua chuma. Nikamwonyesha kadi, nikamwomba asikiweke juu ya kifua, akanipapasa kwa mkono akaniombea afya. Kuna watu wengi wanaolalamikia kizuizi kile, na wana haki, lakini siku ile nilipita kwa heshima.

Kazi yenyewe Nairobi haikumaliza nusu saa. Fundi aliweka juu ya betri kitu kama kipanya cha kompyuta, akatazama skrini, akashusha volti kutoka 3.5 hadi 2.5, akaniambia nilalie kushoto. Nikalala. Samaki hakuruka. Hakunipasua, hakunichoma hata sindano. Nilikaa pale juu ya kitanda nikafikiria siku nne za tangawizi.

Basi ukiwa na betri, au unamuuguza mwenye nayo, kwikwi isiyokoma na msukosuko wa tumbo unaokwenda sambamba na mapigo upelekwe hospitali. Vivyo hivyo choo cheusi, kutapika kusikokoma hata dawa hazikai tumboni, tumbo kuuma sana huku limekakamaa, au kichefuchefu kinachokuja pamoja na jasho baridi, kifua kubana au kukaribia kuzimia, kwa kuwa huo wakati mwingine ni moyo unaolia kwa sauti ya tumbo. Homa na kidonda kuwa chekundu au kutoa maji haya yako kwenye karatasi, nimeyataja tu. Na dawa za moyo usiziache mwenyewe kwa kuwa zimekuchafua tumbo. Mpigie aliyekuandikia akubadilishie.

Kwenye kliniki yangu ya miezi mitatu nilimwomba daktari aongeze mstari wa tumbo katika karatasi wanayowapa wagonjwa. Akacheka, akaandika kwenye daftari lake. Sijui kama wameuongeza. Mimi sasa nasali nimesimama, nasujudu, choo ni cha kila asubuhi, na kiungulia hunijia nikila pilau usiku tu. Kile kiti chenye tundu tumempa ayeyo, nyonga yake inamsumbua.